Samuel Goudsmit: Mwanafizikia Aliyesoma Siri za Kiini cha Atomu Katika Mistari ya Mwanga

Na Mwandishi Wetu

Ulimwengu wa sayansi unamkumbuka Samuel Abraham Goudsmit kwa mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka hayana uhusiano. La kwanza ni mchango wake katika kubaini kuwa elektroni ina mzunguko wake wa ndani, na kisha kuutambua mzunguko wa kiini cha atomu ya bismuthi, metali nzito yenye namba ya atomu 83. La pili ni jukumu alilokabidhiwa na Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, la kuchunguza iwapo Ujerumani ya Wanazi ilikuwa imekaribia kuunda bomu la atomiki.

Hata hivyo, anayeyafuatilia maisha yake kwa makini huona kwamba kazi hizo mbili zilitokana na tabia moja. Goudsmit alikuwa mtu wa kusoma alama ndogo ambazo wengine walizipita bila kuzitazama, na wa kukubali zilichosema hata pale ambapo ukweli wake ulimuumiza mwenyewe.

Malezi na elimu

Goudsmit alizaliwa tarehe 11 Julai 1902 katika mji wa The Hague, Uholanzi, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Isaac, alifanya biashara ya vifaa vya maliwato, na mama yake, Marianne, aliendesha duka la kofia za wanawake. Hakuwa mtoto wa wasomi, wala hakuna aliyetarajia kuwa jina lake lingeandikwa katika vitabu vya fizikia.

Mwaka 1919 alijiunga na Chuo Kikuu cha Leiden, ambako alifundishwa na Paul Ehrenfest, mwalimu aliyesifika kwa kuwataka wanafunzi wake waeleze jambo kwa uwazi kabla ya kulipamba kwa hesabu. Kabla hajatimiza umri wa miaka 20, Goudsmit alikuwa amekwisha kuandika makala ya kisayansi kuhusu mistari ya mwanga unaotolewa na atomu. Aidha, aligawa muda wake kati ya Leiden na Amsterdam, ambako alikuwa msaidizi katika maabara ya Pieter Zeeman, mshindi wa Tuzo ya Nobel aliyeonesha kwamba mwanga wa atomu hugawanyika pale atomu hiyo inapowekwa kwenye nguvu ya sumaku.

Wakati wanafunzi wenzake walipenda nadharia pana, yeye alivutiwa na mafumbo. Alipata kuhudhuria mafunzo ya upelelezi, akajifunza namna ya kutambua alama za vidole na nyaraka za kughushi. Vilevile alijifunza kusoma maandishi ya picha ya Misri ya kale, mapenzi yaliyodumu naye hadi uzeeni. Kwake yeye, ukurasa wenye mistari ya spektra, ukuta wa kaburi la Misri na chumba kilichofanyika uhalifu vilidai jambo moja: jicho lenye subira.

Elektroni inayozunguka kama pia

Mnamo mwaka 1925 Ehrenfest alimkutanisha Goudsmit na mwanafunzi mwingine, George Uhlenbeck. Goudsmit aliijua mistari ya spektra kwa moyo. Uhlenbeck alikuwa na msingi imara zaidi katika nadharia ya fizikia. Katika mazungumzo yao, wawili hao walifikia wazo kwamba elektroni, mbali na kuzunguka kiini cha atomu, ina mzunguko wake wa ndani, mithili ya pia inayochezewa na watoto, na kwamba mzunguko huo huifanya iwe sumaku ndogo.

Wazo hilo lilieleza kwa nini mistari mingi ya mwanga hujitokeza ikiwa miwili miwili. Lakini walipomwendea mzee Hendrik Lorentz, bingwa wa fizikia wa Uholanzi, aliwaonesha kwamba elektroni ikichukuliwa kuwa kitufe kinachozunguka, uso wake ungelazimika kwenda kasi kuliko mwanga. Vijana hao walirejea kwa Ehrenfest wakiwa na hofu, wakamwomba asiichapishe makala yao. Mwalimu aliwajibu kuwa amekwisha kuituma, na kwamba umri wao ulikuwa bado unawaruhusu kukosea.

Hawakukosea. Picha ya kitufe kinachozunguka ndiyo iliyoachwa, lakini mzunguko wa ndani wa elektroni, ambao wanafizikia huuita spini, ukawa miongoni mwa nguzo za fizikia ya karne ya 20.

Bismuthi na mistari kumi

Kilichofuata hakisimuliwi mara nyingi, ingawa ndicho kilichofungua njia ya kukifahamu kiini chenyewe. Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wameona kuwa baadhi ya mistari ya spektra, ikitazamwa kwa vyombo vyenye uwezo mkubwa, haiwi mstari mmoja bali kifungu cha mistari iliyosongamana. Mgawanyiko huo, uitwao muundo laini sana, ulikuwa mdogo mno kuweza kuelezwa na elektroni pekee. Mwaka 1924 Wolfgang Pauli alipendekeza kuwa chanzo chake ni kiini cha atomu: kwamba nacho kina mzunguko na usumaku wake.

Ili kulithibitisha jambo hilo ilihitajika atomu inayofaa, na bismuthi ilikuwa na sifa mbili muhimu. Kwanza, ni nzito. Kiini chake chenye chaji kubwa huzivuta elektroni kwa nguvu, hata zile zinazopita karibu nacho hukizungushia uga mkali wa sumaku, na hivyo mgawanyiko wa mistari huwa mpana kiasi cha kuonekana. Pili, bismuthi ya asili ina isotopu moja tu, yenye namba ya uzito 209. Metali kama zebaki na risasi ni mchanganyiko wa isotopu kadhaa, na kila moja huweka alama yake katika mwanga, hata ikawa vigumu kujua alama ipi ni ya nani. Bismuthi huzungumza kwa sauti moja.

Goudsmit alisafiri hadi Tübingen, Ujerumani, kufanya kazi na Ernst Back, bingwa wa kupima mwanga wa atomu ndani ya sumaku zenye nguvu. Kwanza waliipanga mistari ya bismuthi na kuonesha jinsi ngazi za nishati za atomu hiyo zinavyogawanyika, matokeo waliyoyachapisha mwaka 1927. Kisha wakaiweka bismuthi katika uga mkali wa sumaku.

Mantiki ya jaribio hilo inaeleweka hata na asiye mwanafizikia. Katika hali ya kawaida, usumaku wa elektroni na ule wa kiini hushikana na kwenda pamoja, kama watu wawili waliofungwa kamba moja. Sumaku ya nje ikiwa na nguvu ya kutosha huikata kamba hiyo, kila upande ukajielekeza peke yake. Kwa mujibu wa kanuni za kwantamu, kiini hakiwezi kuelekea popote kinapotaka. Kina idadi maalumu ya mielekeo, na idadi hiyo ni mara mbili ya spini yake, ukiongeza moja. Hivyo basi, anayehesabu vipande vya mstari huwa amehesabu mielekeo ya kiini ambacho hakuna jicho lililopata kukiona.

Back na Goudsmit walihesabu vipande kumi. Ukiondoa moja hubaki tisa, na nusu ya tisa ndiyo spini ya kiini cha bismuthi: tisa kwa mbili. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1928, yalikuwa miongoni mwa mara za kwanza ambapo mzunguko wa kiini ulitambuliwa kwa kuhesabu moja kwa moja, bila kukisia.

Kutoka idadi hadi kipimo

Mwaka 1927, baada ya kutunukiwa shahada ya uzamivu, Goudsmit alihamia Marekani pamoja na Uhlenbeck, wote wakiajiriwa na Chuo Kikuu cha Michigan kilichopo Ann Arbor. Huko aliandika, kwa kushirikiana na Linus Pauling, kitabu kuhusu muundo wa mistari ya spektra kilichotoka mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa pamoja na Robert Bacher kitabu kilichokusanya ngazi za nishati za atomu.

Swali lililombakia lilikuwa gumu kuliko lile la Tübingen. Idadi ya mistari huonesha spini, lakini nguvu ya usumaku wa kiini, yaani momenti yake ya sumaku, hupatikana katika upana wa nafasi kati ya mstari na mstari. Upana huo hutegemea mambo mawili kwa pamoja: usumaku wa kiini, na ukali wa uga ambao elektroni huuzalisha pale kiini kilipo. Anayetaka kulijua la kwanza ni lazima alikokotoe la pili.

Kwa metali nzito, ukokotoaji huo una mtego wake. Karibu na kiini chenye chaji ya 83, elektroni hukimbia kwa kasi inayoikaribia ile ya mwanga, na hesabu za kawaida hushindwa. Mwaka 1933 Goudsmit alichapisha njia ya kukadiria momenti za viini kutokana na muundo laini sana, akizingatia athari hiyo ya kasi. Kipimo kinachotumika ni magnetoni ya nyuklia, iliyo ndogo takribani mara 1,836 kuliko kile kinachotumika kwa elektroni. Ndiyo maana mistari hiyo husongamana kiasi kile. Momenti ya bismuthi inajulikana leo kuwa zaidi kidogo ya magnetoni nne.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana baadaye. Mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen, kila mmoja kwa upande wake, walieleza kuwa protoni na neutroni hujipanga ndani ya kiini kwa matabaka. Bismuthi ina protoni 83 na neutroni 126, yaani matabaka yaliyojaa kikamilifu pamoja na protoni moja iliyobaki nje. Nadharia hiyo ilitaka protoni hiyo iwe na spini ya tisa kwa mbili, namba ileile iliyohesabiwa Tübingen miongo miwili kabla.

Ujumbe wa Alsos

Vita vilipozuka, Goudsmit alifanya kazi ya rada katika maabara iliyokuwa chini ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Mwaka 1944 aliteuliwa kuwa kiongozi wa kisayansi wa Alsos, ujumbe wa siri ulioandamana na majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele barani Ulaya ili kubaini hatua ambayo Wajerumani walikuwa wamefikia katika utafiti wa nyuklia. Upande wa kijeshi uliongozwa na Kanali Boris Pash.

Uteuzi huo ulikuwa na sababu. Goudsmit aliifahamu fizikia ya kiini, alizungumza lugha za Ulaya na aliwajua kwa majina wanasayansi wa Ujerumani. Zaidi ya hayo, hakuwa ameshiriki mradi wa bomu la Marekani; endapo angetekwa, hakuwa na siri ya kutoa.

Si kila alama aliyoifuata ilikuwa na maana iliyodhaniwa. Ilipogundulika kuwa kampuni moja ya Kijerumani ilikuwa imehamisha akiba kubwa ya thoriamu kutoka Ufaransa, wasiwasi ulitanda, kwa kuwa thoriamu ni metali nzito yenye uhusiano na nguvu za nyuklia. Uchunguzi ulibaini kuwa kampuni hiyo ilijiandaa kutengeneza dawa ya meno yenye thoriamu baada ya vita.

Jibu la kweli lilipatikana Strasbourg mwezi Novemba 1944. Katika nyaraka za mwanafizikia Carl Friedrich von Weizsäcker, Goudsmit na mwenzake walikaa kwa mwanga wa mishumaa wakisoma barua na hesabu. Hapakuwa na waraka uliotangaza jambo lolote bayana. Lakini kwa mtu aliyezoea kusoma mistari iliyosongamana, karatasi hizo zilitosha: Ujerumani haikuwa na bomu, wala haikuwa karibu kulipata. Aprili 1945 ujumbe huo ulikifikia kinu cha majaribio kilichofichwa katika pango huko Haigerloch, na kazi iliyokutwa pale iliafikiana na hitimisho hilo.

Nyumba tupu ya The Hague

Mafanikio hayo yalimkuta Goudsmit akiwa amebeba msiba. Alikuwa amewashughulikia wazazi wake nyaraka za kuhamia Marekani, na visa zao zilikamilika siku nne tu kabla ya Ujerumani kuivamia Uholanzi mwezi Mei 1940. Walikwama. Mwaka 1943 alipokea barua yao ya kuagana, ikiwa na anwani ya kambi ya Wanazi.

Mwanafizikia Mholanzi, Dirk Coster, alijaribu kuwaokoa wazee hao kwa kumwomba Werner Heisenberg, mwanasayansi mashuhuri wa Ujerumani aliyepata kuwa mgeni wa Goudsmit huko Ann Arbor mwaka 1939, aingilie kati. Heisenberg aliandika barua, lakini haikuweza kubadili chochote.

Baada ya Uholanzi kukombolewa, Goudsmit alikwenda kuitazama nyumba aliyokulia. Aliikuta ikiwa gofu, madirisha yameng'olewa. Miongoni mwa karatasi zilizotapakaa sakafuni aliziokota ripoti zake za shule, ambazo wazazi wake walikuwa wamezitunza miaka yote hiyo. Alibaki akijiuliza iwapo, kama angefanya haraka zaidi kujaza fomu na kufuatilia maofisi, wangelikuwa hai.

Tarehe ya kifo chao aliipata katika kumbukumbu ambazo Wanazi wenyewe waliziweka kwa utaratibu: 11 Februari 1943, siku ambayo baba yake alitimiza miaka 70. Aliuawa pamoja na mkewe, aliyekuwa kipofu, katika chumba cha gesi ya sumu. Mtu aliyeishi kwa kusoma alama zilizoachwa na wengine alilazimika kuisoma na hiyo.

Kitabu chake kuhusu ujumbe huo, kiitwacho Alsos, kilichapishwa mwaka 1947. Ndani yake alimhukumu Heisenberg kwa ukali, akidai kuwa hakuelewa sawasawa tofauti kati ya kinu na bomu. Heisenberg alipinga, na wawili hao walibishana kwa barua na makala kwa miaka. Hata hivyo, Heisenberg alipofariki mwaka 1976, Goudsmit aliandika kumbukumbu ya heshima, akimtambua kuwa mwanafizikia mkubwa. Hakuyafuta yaliyotokea, aliyapima upya.

Mhariri na mlezi wa maarifa

Kuanzia mwaka 1948 Goudsmit alifanya kazi katika Maabara ya Taifa ya Brookhaven, ambako aliongoza idara ya fizikia katika miaka ya 1950. Wakati huohuo alikuwa mhariri wa jarida la Physical Review. Alipoona kuwa makala ndefu zilichelewesha habari muhimu kuwafikia watafiti, alianzisha mwaka 1958 jarida la makala fupi, Physical Review Letters, ambalo limekuwa miongoni mwa majarida yanayoheshimika zaidi duniani katika fani hiyo.

Yeye na Uhlenbeck hawakupata Tuzo ya Nobel, jambo ambalo wanafizikia wengi wamelishangaa. Walitunukiwa kwa pamoja Medali ya Max Planck mwaka 1964, na Goudsmit akapokea Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1976. Miaka yake ya mwisho aliitumia katika Chuo Kikuu cha Nevada mjini Reno, ambako alifariki tarehe 4 Desemba 1978 akiwa na umri wa miaka 76. Mkusanyiko wake wa vitu vya kale vya Misri umehifadhiwa katika Makumbusho ya Kelsey ya Chuo Kikuu cha Michigan.

Kipimo kilichosahihishwa

Karibu miaka 40 baada ya kifo chake, bismuthi ilirejea katika mijadala ya wanafizikia. Mwaka 2017 watafiti waliofanya majaribio Darmstadt, Ujerumani, walitangaza vipimo vya muundo laini sana vya atomu za bismuthi zilizovuliwa karibu elektroni zote, nyingine zikibakiwa na moja, nyingine na tatu. Matokeo yalitofautiana na nadharia kiasi cha kuzua hoja kwamba huenda fizikia yenyewe ina kasoro.

Mwaka uliofuata chanzo kilibainika. Kosa lilikuwa katika momenti ya sumaku ya bismuthi iliyonakiliwa kwenye majedwali kwa miongo mingi. Thamani ya zamani ilikuwa takribani 4.11; kipimo kipya kilionesha takribani 4.092. Tofauti isiyofika nusu ya asilimia moja ilitosha kuwachanganya mabingwa, na iliporekebishwa, nadharia na majaribio vikapatana. Makala iliyotoa ufumbuzi huo ilichapishwa katika Physical Review Letters, jarida aliloliasisi Goudsmit.

Spini ya tisa kwa mbili haikuguswa na masahihisho hayo. Vipande kumi vilivyohesabiwa Tübingen vimebaki kumi. Kwa vijana wanaoingia maabara leo, hapo ndipo lilipo funzo la maisha ya Goudsmit: kilichohesabiwa kwa uaminifu hudumu, na kilichokadiriwa hakina budi kurudiwa bila aibu kila chombo bora zaidi kinapopatikana.